Nakijwa Ameniuliza Atoze Shilingi Ngapi

Umeniuliza utoze shilingi ngapi,
nami nimekaa na swali lako tangu Jumanne
kama mtu aliyekabidhiwa kuku hai ndani ya salfeti.

Nianze na kodi. Chumba changu cha Majengo,
nyuma ya fundi cherehani, kilikuwa elfu thelathini,
na mimi nilikuwa mchoraji, maana yake
nilikuwa na mlima mmoja niliouchora mara mia mbili na kumi,
twiga wawili chini yake, kwa ajili ya wageni
waliofika Moshi wakaukuta umejifunika mawingu.
Mlima wangu haukuwa na wingu. Hilo ndilo walilolipia.

Ukaja mwaka ambao wageni hawakuja.
Twiga wakabaki ukutani wakinikodolea macho.
Mama Aichi mwenye nyumba hakunigombeza hata siku moja;
alifagia tu mlangoni kwangu, taratibu,
kila tarehe mosi, hata pasipo na taka.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mwanawe.
Jumamosi nne, robo ya kodi.
Nilidhani nitamfundisha mlima.
Aichi akaniuliza, "Mwalimu, mbona twiga wako hawana vivuli?"
Miaka tisa, mtoto yule!
Wateja mia mbili na kumi, na hakuna aliyeuliza.

Wakaja wengine, ukaja na wewe na soksi zako za shule.
Elfu mbili kwa siku; asiyenazo alete karatasi.
Mzee Kiwelu alimlipia mjukuu kwa mkungu wa mshare,
nikaila ada ya muhula mzima kwa siku nne.

Nisikudanganye: kufundisha nako kunakula.
Lile turubai langu kubwa,
wanawake wa soko la Mbuyuni wakihesabu chenji gizani,
limekaa miezi mitano bila nyuso.
Ijumaa usiku nachonga penseli thelathini na mbili,
nikimaliza, mkono hautaki tena kushika kitu.

Mwezi uliopita nikaambiwa umefungua darasa Pasua,
nusu ya bei yangu.
Nilikuja na baiskeli, nina maneno yangu tayari.
Nikasimama chini ya dirisha, nikajifanya natengeneza mnyororo,
nikakusikia:
"Usichore kikombe. Chora giza lililokaa kando ya kikombe."
Sentensi yangu, Nakijwa,
hata kile kikohozi changu kabla ya neno "giza".
Nilitaka kuingia nikudai.
Nikudai nini? Nami niliipata
kwa mtoto wa mwenye nyumba, kwa robo ya kodi.
Nikarudi na mikono ina grisi bure.

Basi toza hivi.
Kodi igawe kwa watoto, weka na penseli,
weka na karatasi watakazochana kwa hasira.
Halafu hesabu ile asubuhi
ambayo hutachora cha kwako, nayo uiwekee bei,
maana hiyo ndiyo ghali kuliko zote.
Usione haya kutaja kiasi.
Jirani yangu fundi hutaja bei akiwa na pini mdomoni,
na hajatokea mtu wa kumwambia
kwamba cherehani ni kipaji, ashone kwa upendo.

Usitoze nusu yangu. Si wivu.
Haya, ni wivu kidogo,
lakini mzazi akishazoea nusu
atatuona sote wawili kuwa nusu.
Na Jumatatu funga mlango. Wakigonga, usiitike.

Mimi Jumatatu hii nimempa mmoja wa wale wanawake uso,
wa pili kutoka kushoto.
Amenitazama kana kwamba nimemrudishia chenji pungufu.
Kodi imelipwa hadi Machi.
Mama Aichi bado anafagia mlangoni,
ila siku hizi taka zipo: maganda ya penseli,
ndoo nzima kila Jumamosi.